Uzi: Kwa nini "Memento Mori" ya Depeche Mode imewakamata mashabiki kuliko albamu zao za karibuni?

#1 Kinanda_Kikuu
Habari za jioni, wakuu. Nina hoja ambayo ningependa ipigwe msasa hapa jamvini. Tangu Violator ya 1990 na Songs of Faith and Devotion ya 1993, albamu mpya za Depeche Mode, bendi ya Waingereza ya muziki wa sintesaiza, zimekuwa zikipokewa kwa mtindo ule ule: mashabiki wananunua, wanakwenda kwenye ziara, wanaimba nyimbo za zamani hadi sauti zinakauka, halafu wimbo mpya ukianza wanautumia kama nafasi ya kwenda kuchukua bia. Memento Mori, iliyotoka tarehe 24 Machi 2023 ikiwa albamu yao ya 15 ya studio, imevunja mazoea hayo. Watu wanaisikiliza nzima, kuanzia My Cosmos Is Mine mpaka Speak to Me, na bado wanaizungumzia.

Sababu inayotajwa upesi ni kifo cha Andy Fletcher (Fletch), mmoja wa waanzilishi wa bendi, cha Mei 2022. Mimi siikubali. Nadai kwamba albamu hii ingependwa vivyo hivyo hata kama Fletch angekuwa hai, kwa sababu Martin Gore, mwandishi wao mkuu, amerudi kuandika nyimbo zenye viitikio ambavyo mtu anatoka navyo kichwani. Karibuni mnipinge.

#2 Mama_Ultra
Nakupinga, tena mapema. Bendi ya watu watatu imebaki ya wawili, jina la albamu linakumbusha kifo, jalada lina mabawa ya maua, na wimbo wa kwanza kutolewa, Ghosts Again, unahusu mizuka, halafu wewe unataka tuzungumzie viitikio? Watu waliisikiliza albamu hii kama wanavyohudhuria arobaini. Msikilizaji haingii akiwa mtupu. Anaingia na alichokibeba, na mwaka 2023 kila shabiki wa bendi hii alikuwa amebeba msiba.

#3 Fundi_Mitambo
Naomba tuweke kumbukumbu sawa kabla mjadala haujakomaa. Sehemu kubwa ya nyimbo hizi iliandikwa wakati wa korona, Fletch akiwa hai, na hata jina la albamu lilikuwa limekwisha kuchaguliwa. Alifariki wiki chache kabla ya kazi ya studio kuanza. Kwa hiyo anayesema kwamba hizi ni nyimbo za kumwomboleza Fletcher anasema jambo ambalo kalenda hailikubali. Gore alitimiza miaka 60 mwezi Julai 2021, dunia ikiwa imejifungia ndani na taarifa za vifo zikitolewa kila jioni. Mtu wa umri huo hahitaji rafiki afe ndipo aanze kufikiria kaburi.

#4 Mama_Ultra
#3, kalenda yako ni sahihi, ila haijibu nilichosema. Mimi nimezungumzia jinsi tulivyoisikiliza, wewe unanijibu jinsi ilivyoandikwa. Isitoshe, kuandika ni jambo moja na kuimba ni jingine. Maneno yaliandikwa kabla ya msiba, lakini mwimbaji wao Dave Gahan aliyaimba mbele ya maikrofoni baada ya msiba. Hilo nalo kalenda inalikubali.

#5 Mpwa_wa_Pwani
Hapo #3 amepigwa bao. Tuendelee, jamani, nimeshaleta kahawa.

#6 Msomaji_wa_Majalada
Ndugu #1, unasema "Gore amerudi". Gore yupi? Ukisoma majina ya watunzi utaona kwamba nyimbo nne kati ya 12 ameziandika pamoja na Richard Butler, mwimbaji wa Psychedelic Furs: Ghosts Again, Don't Say You Love Me, My Favourite Stranger na Caroline's Monkey. Huyo ni mtu wa nje kabisa ya bendi. Tangu Vince Clarke, mwandishi wao wa mwanzo, alipoondoka mwishoni mwa 1981, Gore amekuwa ndiye mwandishi mkuu, na mlango wa chumba chake cha kuandikia haukuwa ukifunguliwa ovyo. Hata Gahan alisubiri hadi Playing the Angel ya 2005 ndipo nyimbo zake tatu zikaingia. Sasa mzee wa miaka 60 anamwita mwenzake wa rika lake, aliyepitia miaka ile ile ya mwanzo wa themanini, wakaandika pamoja. Kwangu mimi siri ya albamu ni Butler. Maneno yamekuwa na utani kidogo, na Gore akiachwa peke yake huwa hatanii sana.

Na msisahau Wagging Tongue, ambao ni mara ya kwanza kwa Gore na Gahan kuandika wimbo pamoja na ukaingia kwenye albamu.

#7 Fundi_Mitambo
#6, hoja ya Butler naipokea, lakini Wagging Tongue si wa kwanza. Kwenye Spirit ya 2017 kuna You Move, ambao pia ni wa Gahan na Gore.

#8 Msomaji_wa_Majalada
Na nani anaukumbuka You Move? Ndiyo hoja yangu yenyewe. Wagging Tongue unakumbukwa, ukapigwa wa pili kwenye ziara nzima, mara baada ya wimbo wa kufungulia. Ushirikiano wa wawili hawa umezaa kitu ambacho watu wanakiomba, na hilo ni jambo jipya kwao.

#9 Mpwa_wa_Pwani
Jibu la kiwakili hilo. Nimelipenda.

#10 Kanda_na_Kaseti
Mnazungumzia maandishi, ilhali hii ni bendi ya mitambo. Tofauti iko kwenye utayarishaji. Baada ya Ben Hillier kuwatayarishia albamu tatu mfululizo, za 2005, 2009 na 2013, walimleta mtu mpya, James Ford, na sauti ikabadilika. Nyimbo zina nafasi ya kupumua.

#11 Dada_wa_Köln
Salaam kutoka Ujerumani. #10, Ford si mgeni wa Memento Mori. Ndiye aliyetayarisha Spirit pia. Kama ufunguo ungekuwa Ford, Spirit nayo ingependwa hivi, na wote tunajua kwamba haikupendwa. Mgeni wa mara hii ni Marta Salogni, fundi sauti Mwitaliano ambaye anajulikana sana kwa kufanya kazi na mashine za kanda za sumaku. Ukitaka kumsifu mtu kwa ile nafasi ya kupumua, anza na yeye.

#12 Kanda_na_Kaseti
Basi Salogni aongezwe kwenye hoja yangu, na hoja inabaki palepale: ni utayarishaji. Jina langu humu linaonyesha kwamba mtu anayependa kanda siwezi kumkataa.

#13 Mpiga_Kinanda_Kwaya
Mimi ni mpiga kinanda kanisani, na nimejifunza mengi kwa kujaribu kuuiga Ghosts Again kwenye kinanda chetu cha kwaya vijana wakiwa wamekwenda kunywa chai. Naomba nieleze ninachokisikia, kwa sababu naona tunataja majina ya watu bila kutaja kilichomo ndani ya wimbo.

Wimbo unabebwa na besi ya sintesaiza inayogonga noti fupi fupi kwa mwendo usiobadilika, nayo haina uzito mkubwa. Inakwenda kama mtu anayetembea haraka akiwa na furaha. Juu yake kuna gitaa la Gore linalopiga mstari mdogo wa kuimbika, tena si gitaa la kukwaruza kama lile la enzi za Personal Jesus. Halafu sauti ya Gahan inaingia chini kuliko nilivyotarajia, haipigi kelele popote, hata kwenye kiitikio, ambapo mwimbaji mwingine yeyote angepanda. Anayepanda ni Gore, kwa sauti yake nyembamba ya pili, na hapo ndipo unapopata ule uchungu mtamu. Nilipojaribu kuupiga nilikosea mara moja tu ya msingi: niliweka nyuzi nyingi nyuma, kama tunavyofanya kwenye pambio, na wimbo wote ukafa. Nilipoziondoa, ukafufuka. Maneno yanazungumzia mwisho wa maisha huku miguu inataka kucheza. Ukiongeza huzuni kwenye vyombo unaharibu hesabu.

Linganisha na nyimbo nyingi za Delta Machine na Spirit, ambako Gore alizama kwenye gitaa la bluzi na sauti zenye kutu. Zilikuwa nzito chini na nzito juu. Hapa uzito umeachiwa maneno.

#14 Kinanda_Kikuu
Shukrani, #13. Hicho ndicho nilichokimaanisha niliposema viitikio, ila umekisema vizuri kuliko mimi.

#15 Mama_Ultra
Ameeleza wimbo mmoja. Albamu ina nyimbo 12.

#16 Mpiga_Kinanda_Kwaya
Kweli, mama, na si zote zilizofuata njia hiyo. My Cosmos Is Mine ni kinyume chake kabisa: besi imechafuliwa makusudi, ngoma zinaburuta, na Gahan anaimba kama mtu aliyefunga mlango na hataki kuufungua. Kuufanya ule kuwa wimbo wa kwanza wa albamu ni ujasiri au ni ukaidi. People Are Good nao una alama za vidole za Kraftwerk, ile bendi ya Kijerumani ya mitambo, waziwazi, vile vigongo vidogo vya mashine vinavyorukaruka, na jina lake linachokoza People Are People, wimbo wao wenyewe wa 1984. Mzee anabishana na kijana aliyekuwa yeye.

#17 Wilder_Arudi
Nimesoma yote na hakuna hata mmoja aliyemtaja Alan Wilder. Aliingia 1982, akatoka 1995, na katikati ya miaka hiyo ndimo ilimo bendi mnayoipenda. Enjoy the Silence ulikuwa wimbo wa taratibu kwenye rekodi ya majaribio ya Gore. Wilder ndiye aliyependekeza uongezwe mwendo, na yeye pamoja na mtayarishaji Flood wakaujenga mpaka ukawa tunaoujua. Baada yake hakuna aliyekaa studio miezi akisugua sauti moja hadi ing'ae. Memento Mori ni albamu nzuri ya wazee wawili. Violator ilikuwa kazi ya watu wanne na mtayarishaji mwenye masikio. Mnaoishangilia mnashangilia kwa sababu njaa imezidi.

#18 Mpwa_wa_Pwani
Nilikuwa nahesabu dakika. Kila uzi wa Depeche Mode lazima Wilder afike kabla ya posti ya 20.

#19 Fundi_Mitambo
#17, alichokifanya kwenye Enjoy the Silence hakibishaniwi. Lakini unaandika kana kwamba mtu huyo amefukuzwa. Aliondoka mwenyewe, na mwaka 2010 alipanda jukwaani pamoja nao Royal Albert Hall, akapiga piano kwenye Somebody, kisha akaenda zake. Na kama tatizo ni Wilder kutokuwepo, mbona Ultra ya 1997, albamu ya kwanza baada yake, mashabiki wengi wanaipenda? Muulize #2, amejiita kwa jina lake.

#20 Mama_Ultra
Nilikuwa najiuliza nitaitwa lini. Ultra ilifika nafasi ya kwanza Uingereza bila Wilder, na ilirekodiwa wakati Gahan alikuwa ametoka kunusurika kifo kwa dawa za kulevya, Mei 1996. Mnaona mahali ninapoelekea? Albamu mbili za baada ya Wilder ambazo watu wanazishika kifuani, Ultra na Memento Mori, zote mbili zina kivuli cha mauti pembeni. Zile zilizotengenezwa kwa amani, watu wamezisahau.

#21 Kinanda_Kikuu
Hiyo ni hoja kali, nakiri. Lakini Playing the Angel ya 2005 haikuwa na msiba wowote, na Precious uliomo ndani yake unapigwa hadi leo.

#22 Mama_Ultra
Precious Gore aliwaandikia watoto wake ndoa yake ilipokuwa inavunjika. Msiba si lazima uwe na jeneza.

#23 Mpwa_wa_Pwani
Huyu mama haachi mlango wazi.

#24 Takwimu_Tu
Kwa wanaopenda kupima mapenzi kwa namba: Uingereza Memento Mori ilifika nafasi ya 2, nyuma ya albamu ya Lana Del Rey iliyotoka siku ile ile, na Ujerumani ilishika nafasi ya 1. Spirit iliishia nafasi ya 5 Uingereza. Kwa hiyo kupanda kulikuwepo.

#25 Dada_wa_Köln
Namba hizo ni za kweli, lakini hazithibitishi unachotaka. Sounds of the Universe ya 2009 na Delta Machine ya 2013 nazo zilifika nafasi ya 2 Uingereza, na Violator yenyewe ilikomea hapo hapo. Wakongwe wana jeshi linalonunua wiki ya kwanza, na chati ya wiki ya kwanza inapima ukubwa wa jeshi tu. Huku Ujerumani hata wakitoa albamu ya kupiga filimbi itaongoza.

#26 Nyumba_ya_Tatu_Nairobi
Wadau, kuna jambo dogo ambalo nadhani mmelipita. Januari 2023, wiki chache kabla ya Ghosts Again kutoka, mfululizo wa televisheni wa The Last of Us ulimaliza sehemu yake ya kwanza kwa Never Let Me Down Again, wimbo wa 1987. Binti ya dada yangu, ambaye mimi nimemsumbua na bendi hii tangu akiwa shule ya msingi bila mafanikio yoyote, alinipigia simu usiku kuniuliza huo wimbo ni wa nani. Nilikaribia kukata simu kwa hasira. Mwezi uliofuata bendi ile ile ikatoa wimbo mpya, na huyo binti akawa tayari amefungua masikio. Nawaambia, bahati ya ratiba ina nafasi yake hapa. Albamu zilizotangulia hazikupata mlango wa namna hiyo.

#27 Wilder_Arudi
Never Let Me Down Again, wimbo wa enzi za Wilder. Naacha hapo.

#28 Msomaji_wa_Majalada
#26, mlango huo ulileta wasikilizaji wapya, lakini uzi huu unauliza kuhusu mashabiki. Waliokuwa wanakwenda kuchukua bia wimbo mpya ukianza hawakuhitaji televisheni kuwatambulisha bendi.

#29 Nyumba_ya_Tatu_Nairobi
Shabiki naye ni binadamu. Akiona vijana wanapenda alichokipenda peke yake kwa miaka 30, kifua kinapanuka, na albamu mpya anaisikiliza kwa moyo mwingine.

#30 Dada_wa_Köln
Niruhusuni nisimulie nilichokiona, kwa kuwa nilikuwa Berlin, Olympiastadion, Julai 2023. Ndugu #1 amezungumzia bia, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na foleni ya bia, kwa hiyo ushahidi wangu ni wa karibu. Walifungua na My Cosmos Is Mine, jua likiwa bado liko juu, wimbo ambao kwa akili ya kawaida haufai kufungulia uwanja wa watu wengi kiasi kile, na nyuma yao ilisimama herufi M kubwa. Ghosts Again ulipoanza, foleni ilipungua. Watu walirudi na vikombe vitupu. Mwanamume mmoja wa umri wa kustaafu mbele yangu, aliyevaa fulana ya ziara ya miaka ya tisini iliyombana tumboni, aliimba beti zote bila kukosea, na hizo ni beti za wimbo wa miezi mitano tu.

Kisha World in My Eyes, ambapo picha ya Fletcher ilionyeshwa kwenye skrini kubwa. Pale hapakuwa na kelele za kawaida. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, wakayaendeleza. Na mwishoni, Never Let Me Down Again, mikono yote juu ikipepea kulia na kushoto kama ilivyokuwa kwenye uwanja wa Rose Bowl wa Pasadena, Marekani, mwaka 1988. Mama_Ultra angefurahi na Kinanda_Kikuu angefurahi, kwa hiyo sijui nimemsaidia nani.

#31 Mama_Ultra
Mimi. Asante.

#32 Kinanda_Kikuu
Foleni ilipungua kwenye Ghosts Again kabla picha haijaonyeshwa. Umenisaidia mimi.

#33 Mwalimu_Historia
Mengi mmeyasema, nami naomba niongeze upande wa mahali. Tarehe 7 Machi 1988 bendi hii ilipiga Berlin Mashariki, kwenye ukumbi wa Werner-Seelenbinder-Halle, katika tamasha la umoja wa vijana wa chama tawala, na hadi leo Wajerumani wa upande ule wanalizungumzia. Katika nchi za Ulaya Mashariki kupenda Depeche Mode kulikuwa ni kuvaa nguo nyeusi, kukata nywele kwa mtindo fulani na kutazamwa vibaya na mkuu wa shule. Nchini Urusi mashabiki walikuwa wakiisherehekea tarehe 9 Mei, siku aliyozaliwa Gahan, ambayo kwa bahati ni sikukuu ya taifa. Watu wale walikuwa na miaka 16 wakati huo. Wakati Memento Mori inatoka walikuwa wamepita 50. Wamezika wazazi, baadhi wamezika wenzao wa darasa. Albamu ya watu wa miaka 60 inayozungumzia mwisho, kwa utulivu na bila kujifanya kijana, imewakuta mahali walipo. Sioni haja ya kuchagua kati ya Fletcher na viitikio. Wasikilizaji wamefikia umri wa albamu hii.

#34 Wilder_Arudi
Kwa mantiki hiyo albamu yoyote ya wazee kuhusu kifo ingependwa. Kuna bendi nyingi za rika lile zinazotoa albamu za namna hiyo na hakuna anayesimamisha foleni ya bia.

#35 Mwalimu_Historia
Sikusema kwamba inatosha. Nimesema kwamba bila hiyo mengine yasingefanya kazi.

#36 Mkosoaji_Mpole
Naingia na hoja ambayo haitapendwa. Je, tumefikiria kwamba albamu inapendwa kwa sababu Spirit ilichosha? Spirit ilikuwa albamu ya siasa, iliyouliza mapinduzi yako wapi, iliyomnyooshea kidole msikilizaji kwamba anarudi nyuma. Watu hawapendi kukaripiwa na mtu anayeishi Santa Barbara. Baada ya hiyo, albamu yoyote inayozungumza na mtu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, ingesikika kama nyumbani. Nimejaribu kuzisikiliza zote mbili moja baada ya nyingine, na naona kwamba nusu ya pili ya Memento Mori inalegea. Caroline's Monkey siuelewi unafanya nini pale. Soul with Me, ambao Gore anauimba mwenyewe, ni mzuri lakini umekaa kama wimbo wa jukwaa la maigizo. Nikiondoa nyimbo tatu, nabaki na albamu kubwa.

#37 Msomaji_wa_Majalada
Caroline's Monkey ni wa Butler, usiuguse. Na hiyo nusu ya pili unayosema inalegea ina Before We Drown, ambao Gahan aliuandika na Christian Eigner na Peter Gordeno, wanamuziki wanaopiga nao jukwaani tangu miaka ya tisini. Gahan akiwa anasihi namna ile, mimi nasamehe kila kitu kilichoutangulia.

#38 Mpiga_Kinanda_Kwaya
Naunga mkono Before We Drown. Sikilizeni kwa spika za masikioni jinsi sauti za nyuma zinavyopanda polepole kama maji yanayojaa, na Gahan hageuzi mwendo hata kidogo. Kuhusu kulegea, albamu nzima ina kama dakika 50, fupi kuliko Sounds of the Universe iliyofika saa nzima. Mkosoaji anayetaka kuondoa nyimbo tatu ataachiwa ya dakika 38.

#39 Mkosoaji_Mpole
Speak & Spell, albamu yao ya kwanza, ilikuwa na urefu wa namna hiyo na hakuna aliyelalamika.

#40 Mpwa_wa_Pwani
Speak & Spell! Tumeshafika 1981. Kesho mtatuletea jarida la mitindo la Kifaransa walikochukua jina la bendi.

#41 Kanda_na_Kaseti
Narudi kwenye jambo la #2 na #4 kuhusu Fletcher, kwa sababu naona tunamtumia kama picha ukutani. Kwenye 101, filamu ya ziara yao ya 1988, yeye mwenyewe alitania kwamba wenzake kila mmoja ana kazi, mwandishi, mwanamuziki, mwimbaji, na yeye anazurura tu. Mashabiki wakaishika kauli ile kwa miaka 30. Lakini alikuwa ndiye anayeshughulika na mambo ya biashara, na zaidi ya hapo alikuwa ndiye anayekaa katikati ya watu wawili wasiozungumza sana. Alipoondoka, Gore na Gahan walilazimika kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo msiba ulipoingia kwenye muziki: uliwalazimisha wawili hao kukaa chumba kimoja. Hoja hii inawapa Mama_Ultra na Kinanda_Kikuu nusu nusu, wagawane.

#42 Mama_Ultra
Sigawani, ila hii nimeipenda kuliko zote zilizotangulia.

#43 Fundi_Mitambo
Ina mantiki, na tena video ya Ghosts Again ya Anton Corbijn inaiunga mkono: wawili peke yao juu ya paa, wanacheza sataranji kwa picha nyeusi na nyeupe, kwa mfano wa ile filamu ya Bergman ya 1957 ambamo mtu anacheza na Mauti. Lakini nakumbusha tena: wimbo wa Gahan na Gore wa 2017 upo, kwa hiyo hawakuanza kushirikiana msibani.

#44 Takwimu_Tu
Kwa wale ambao hawajafuatilia: mwishoni mwa 2025 ilitoka Memento Mori: Mexico City, rekodi ya ziara kutoka matamasha ya uwanja wa Foro Sol wa jiji hilo ya Septemba 2023, ambayo pia ndiyo msingi wa filamu ya Fernando Frías de la Parra. Ndani yake wameweka nyimbo nne zilizobaki kutoka vipindi vya kurekodi Memento Mori: Survive, Life 2.0, Give Yourself to Me na In the End. Kama kuna anayetaka kupima nadharia hizi zote, hapo ana nyimbo za waandishi wale wale na studio ile ile, ila hazikuingia kwenye albamu.

#45 Mkosoaji_Mpole
Nimezisikiliza. Ningemtoa Caroline's Monkey nikamweka mmoja wapo kati ya hizo nne bila kufikiri mara mbili.

#46 Msomaji_wa_Majalada
Taja upi.

#47 Mkosoaji_Mpole
Survive. Uingie baada ya Soul with Me, kabla ya Before We Drown.

#48 Mpiga_Kinanda_Kwaya
Nimezipanga kwa utaratibu huo sasa hivi na ninasikiliza. Nitaleta majibu baada ya mazoezi ya kwaya, na #17 asiniambie kwamba Wilder angeupanga tofauti.

#49 Wilder_Arudi
Angeupanga tofauti.